Kilo Nne za Mama Ketsia

Kocha Casimir aliamini vitu vitatu hapa duniani: Mungu, saa yake ya kupimia mbio, na mizani. Viwili vya kwanza alikuwa navyo mwenyewe. Mizani aliiazima kwa Florentine.

Basi kila Jumamosi asubuhi alishuka sokoni hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na wasichana wanane wa timu ya mbio ya chuo cha ualimu, jasho la mazoezi bado linawatiririka, akawapanga mstari kando ya magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwa wanaotupa chakula chetu na harufu yetu. Mmoja mmoja walipanda juu ya mizani ya Florentine, ile ya chuma yenye bamba chini na fimbo juu. Kocha alisogeza jiwe kwenye fimbo, akakaza macho, akaandika daftarini. Wachuuzi waliacha biashara zao kuja kutazama.

"Huyu iko kilo ngapi?"

"Makumi ine na tano."

"Aa! Hata gunia ya ndagala ya Renilde inamupita."

Florentine alicheka kuliko wote. Mmoja wa wale wanane alikuwa Ketsia, kitinda mimba wake, na kwa ajili yake soko zima lilimwita Mama Ketsia. Isitoshe, ni sifa mizani yako ichaguliwe na mtu aliyesoma. Kanisani, alikoongoza kundi la akina mama, alikuwa ameshaligusia jambo hilo mara mbili, tena bila kuulizwa.

Hapa inafaa tuseme ukweli kuhusu mizani hiyo. Florentine alinunua asubuhi, kwa akina mama wanaoanika ndagala ufukoni na kwa mitumbwi ya Kazimia. Aliuza alasiri, kwa malori ya Lulimba na Kilembwe. Chini ya ile fimbo palikuwa na skrubu ndogo ya kuweka sifuri mahali pake. Asubuhi aliigusa kwa kidole gumba upande huu, mizani ikasahau kilo mbili. Mchana, akishamaliza kununua, aliigusa upande ule, ikaongeza kilo mbili. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja bila kufikiri, kama mtu anavyokaza kitenge kiunoni. Hakukuita kuiba. Alikuita kurekebisha.

Na pengine angerekebisha mpaka uzee kama isingekuja salongo. Amri ilitoka kwamba kila Jumamosi asubuhi maduka yafungwe na kila mtu ashike jembe au ufagio, asafishe mji. Kocha Casimir, mtu wa kutii, akahamishia kipimo chake alasiri. Alasiri ya kwanza hiyo, wasichana wote wanane walikuwa wameongezeka kilo nne.

Kocha alidhani amesoma vibaya. Akawashusha, akawapandisha tena. Ni vilevile.

"Kilo ine kwa juma moja!" akapiga kelele. "Mulikula nini? Mulikula ngombe muzima?"

Igiraneza, binti mpole wa familia ya Warundi waliokimbilia huku, aliinua mkono. "Kocha, mi nilikuwa na malaria. Hata muchuzi ilikataa kushuka."

"Basi malaria yako inajua kupika bugali!"

Watu wakacheka. Igiraneza hakucheka. Florentine hakusikia chochote, kwa maana malori mawili yalikuwa yanapakia na dereva mmoja alikuwa anajifanya hajui kuhesabu magunia.

Sasa, Casimir hakuwa mtu mbaya, na anayesema hivyo hamjui. Aliikuta timu haina hata kiatu, akaifikisha nafasi ya tatu katika mashindano ya vyuo vya kando ya ziwa. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya jogoo wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba alisoma kwenye simu maneno ya wataalamu wa mbali, kwamba msichana wa mbio ndefu asizidi kilo hamsini na mbili, na hiyo hamsini na mbili ikamwingia kichwani kama amri ya kumi na moja ya Mungu. Akakata bugali. Akakata mafuta ya mawese. Akabakiza mboga za lengalenga na matango tu, akaongeza mbio za kupanda barabara ya Fizi kila asubuhi, na akatangaza kwamba atakayezidi hamsini na mbili siku ya mwisho ya kipimo hapandi boti ya kwenda mashindanoni Kalemie.

Juma la tatu Igiraneza alianguka barabarani, akarudishwa kwa pikipiki, miguu inaning'inia. Mji ukagawanyika. Kwa kinyozi walisema Kocha ni jemadari. Kwenye kisima walisema Kocha ni mchawi. Bibi mmoja alisema yeye hajui mbio, lakini hajawahi kuona ng'ombe akinyimwa majani ili atoe maziwa mengi.

Jumamosi ya mwisho Ketsia alipanda kwenye mizani, ikasema hamsini na tatu. Kilo moja. Kocha alichukua kalamu, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka.

Jioni hiyo, jua bado lipo, Florentine alipika bugali nyeupe na mikeke wawili wa kuchoma, samaki ambao Ketsia aliwapenda tangu hajaota meno. Mtoto alikaa mbele ya sahani, akaitazama.

"Kula, mwanangu. Sasa hakuna mwenye atakupima."

"Mama, mi nimepungua. Naona mwenyewe. Sketi inaanguka." Ketsia alivuta kiuno cha sketi, kikaachana naye kwa upana wa ngumi. "Na jambo moja sielewe. Sote tulipanda kilo ine siku moja. Mi, Arlette, bote. Hata Igiraneza mwenye alikuwa na malaria. Muntu analala na malaria juma nzima, halafu anapanda kilo ine? Kocha anasema namba hazidanganyake. Basi sisi njo benye kudanganya."

Machozi yakamdondoka kwenye samaki.

Florentine alikuwa ameshikilia tonge. Halikufika kinywani. Kilo nne. Kilo nne hizo alizijua kama anavyojua jina la baba yake. Mbili za asubuhi, mbili za alasiri. Zilikuwa zake, alizizaa mwenyewe kwa kidole hiki hiki kilichoshika tonge, na sasa zimekaa kiunoni mwa binti yake na hazitaki kushuka. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Yeye hata hakula naye, alimwachia sahani nzima.

Usingizi haukuja. Jumapili kanisani hakuimba, na waliokaa naye wakadhani ana mafua. Jumatatu asubuhi alimfuata Casimir uwanjani.

"Kocha, upime tena batoto."

"Mama Ketsia, kila muzazi anakuya na ile maneno."

"Pima tu. Mara moja. Asubuhi kama zamani."

Casimir alifunga daftari lake. Uso wake ulikuwa umechoka. "Unazani mi nafurahi kumuacha Ketsia? Yule anajua mbio sana. Lakini nikifuta namba moja juu ya machozi, kesho nitafuta zote. Muntu akinionyesha kwamba namba iko na kosa, nitafuta mbele ya batu bote, na nitaomba pardon. Lakini nani atanionyesha?"

Florentine aliwaza wateja wake wa Lulimba. Aliwaza wale akina mama wa kanisa na jinsi walivyo na masikio. Akaaga, akaondoka. Siku mbili aliomba Mungu ampe njia nyingine, na Mungu akanyamaza, kama anavyofanya akiwa ameshajibu.

Jumatano mkurugenzi wa chuo, Bwana Raphaël, aliita wazazi, wanafunzi na yeyote mwenye mdomo, ili iamuliwe kama Casimir abaki au aondoke. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Florentine alikaa katikati, Ketsia nyuma yake pamoja na wenzake.

Jacques, fundi wa baiskeli na baba wa Arlette, alisimama kwanza. "Mbele ya Casimir kufika, nani alijua hii chuo? Nani? Leo hata Kalemie banatuogopa. Michezo haina kubembeleza! Hata musumari, kama haugonge, haingie."

Alipigiwa makofi. Immaculée, muuguzi wa kituo cha afya, alingoja yaishe. "Baba Arlette, musumari haizalake. Batoto batatu balikuya kwangu, damu yao ya mwezi imekatika. Wa ine alifika amezimia. Mi siulize kama Kocha anajua mbio. Nauliza, kisha mbio, batoto babaki na nini?"

"Mutoto yangu anaota bugali!" mama mmoja alidakia. "Anaiita na jina!"

Kicheko, kelele, Bwana Raphaël akagonga meza. Walibishana saa nzima. Mmoja alisema tatizo ni matango, mwingine alisema tatizo ni simu, na mzee mmoja alisema tatizo ni wasichana kuvaa kaptura, akakalishwa na mkewe. Mwishowe Casimir aliombwa ajitetee. Alikwenda ubaoni na chaki, akachora mistari minane, kila mmoja wa msichana mmoja. Yote ilikwenda sambamba vizuri, kisha tarehe moja ikaruka pamoja.

"Angalia," alisema. "Munane, siku moja, kilo ine. Ile ni nini kama si kupatana kwenda kula? Mi nilibaambia ukweli, bakanikatalia machoni. Mimi si mukali. Namba njo kali. Na namba hazidanganyake."

"Zinadanganyaka, Kocha."

Florentine hakukumbuka alisimama saa ngapi. Alijikuta yuko wima, mkoba kifuani.

"Zile namba zinadanganyaka. Mi njo nilizifundisha."

Akasema yote. Skrubu, asubuhi, mchana, mbili huku, mbili kule, miaka kumi na moja. Alisema haraka kama anayevuka mto baridi, maana akisimama katikati hatafika. Alipomaliza hakukaa, kwa sababu hakuwa na uhakika kama kiti bado ni chake.

Sauti moja nzito ikatoka nyuma, ya mnunuzi wa Lulimba aliyekuja kusikiliza tu. "Kumbe! Na mi nilikuwa napiga bibi yangu kelele nyumbani, nasema iko anakula ndagala!"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Ketsia alijifunika uso kwa mikono, na Florentine aliona masikio yake tu. Casimir peke yake hakucheka.

"Haiwezekane," alisema. "Ni mashini."

"Ilete," Florentine akamjibu.

Vijana wanne wakakimbia sokoni na toroli, wakarudi na mizani, wakaiweka mbele ya ubao. Kocha mwenyewe akavua viatu, akapanda. Florentine aligusa skrubu kama alivyofanya asubuhi zote za maisha yake. Sitini na moja. Akaigusa upande wa pili, bila Kocha kupumua wala kushuka. Sitini na tano.

"Kocha amekula ngombe!" mtu akapiga kelele dirishani.

Safari hii alikuwa yeye wa kuchekwa, na akabaki amesimama juu ya bamba la chuma, miguu mitupu, akikitazama kile kijiwe kwenye fimbo. Halafu akaiweka skrubu katikati kwa vidole vyake, akaijaribu kwa mfuko wa saruji uliokuwa kona ya ukumbi, umeandikwa uzito wake, akamwita Ketsia apande. Hamsini na moja. Ketsia alikuwa chini ya kipimo. Alikuwa chini ya kipimo hata Jumamosi alipokatwa.

Kocha alishuka. Hakwenda kwa Ketsia. Alikwenda safu ya nyuma, kwa Igiraneza, akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya watu wote, mtu mzima yule.

"Uliniambia uko na malaria. Nikachekesha batu juu yako. Niliamini chuma kuliko kinywa yako. Unisamehe."

Igiraneza hakujua pa kuweka macho. "Simama, Kocha," alisema taratibu, "suruali itachafuka." Na baadhi ya wazazi waliokuja kumfukuza wakajikuta wanapangusa macho.

Bwana Raphaël alitaka kuamua palepale kwamba wakimbie kesho yake, wanne wa kwanza waende Kalemie, maana nafasi zilikuwa nne. Immaculée akamkata. "Bakimbie na nini? Matango? Munipe siku kumi. Siku kumi ya bugali, kisha bakimbie." Ikaandikwa hivyo. Casimir abaki, lakini afya ya wasichana iwe mikononi mwa Immaculée, na mizani irudi kupima samaki. Wapo waliokasirika kwamba hakufukuzwa. Wapo waliokasirika kwamba aliguswa. Mpaka leo ukitaka kupoteza asubuhi nzima Baraka, lianzishe tu jambo hilo kwa kinyozi.

Siku kumi hizo Florentine hakwenda sokoni. Uso wa kwenda nao hakuwa nao. Fundi alimchomelea skrubu isizunguke tena milele, na yeye akabaki nyumbani akisonga bugali kwa sufuria kubwa ya matanga, wasichana wote wanane wanakuja mchana na jioni, wanakula kwa ukimya kama watu wanaosali. Ketsia hakumsemesha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alisema, "Mama, ongeza." Hilo lilimtosha Florentine.

Mbio zilikuwa Jumamosi baada ya salongo, kutoka uwanjani mpaka mto Mutambala na kurudi. Arlette alifika wa kwanza, kama baba yake alivyokuwa ameshautangazia mji wote. Igiraneza alifika wa pili, na Casimir, aliyekuwa ameshika saa, alisahau kuibonyeza. Wa tatu akapita. Kisha wakaonekana wawili bega kwa bega, mmoja ni Ketsia, na Florentine alipiga kelele mpaka kilemba kikamdondoka, akakikanyaga mwenyewe. Ketsia alimtangulia mwenzake kwa kifua tu. Wa nne. Alilala chini kwenye nyasi akicheka na kulia, na alipomwona mama yake alinyoosha mikono yote miwili.

Jumapili boti iliondoka. Jumatatu Florentine alirudi sokoni.

Aliifuta mizani, akakaa kando yake. Mitumbwi ya Kazimia ilifika. Magunia yalipita mbele yake kwenda kwa wanunuzi wengine, na waliobeba walimsalimia kwa heshima zote, bila kusimama. Saa mbili zikapita hivyo. Alikuwa anaanza kukunja mkeka wake alipofika Renilde, yule mwanamke wa Kirundi anayeanika ndagala ufukoni, na gunia kichwani. Akalitua juu ya bamba bila kuuliza.

Arobaini na nne. Florentine alishangaa. Gunia la Renilde halikuwahi kushuka chini ya arobaini na sita, na hiyo ilikuwa kwenye mizani inayokula. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Ndagala walikuwa wakavu, safi, hawana hata chembe ya kitu.

"Renilde, leo gunia yako iko mwepesi."

"Leo nilichekecha." Renilde alianza kucheka. "Zamani nilikuwa natia muchanga. Kilo ine. Mbili juu ya kidole yako, na mbili juu ya kunisumbua."

"Ulijua?"

"Nani hakujua? Bamama bote ya hapa banajua. We unakula mbili, sisi tunatia ine. Tulikuwa tunarudishana tu." Alicheka, na Florentine naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatano ile, mpaka wakashikana mabega. Kisha Renilde akatazama lile bamba la chuma walipokuwa wakisimama wale wasichana.

"Sisi tulikuwa na muchanga, Mama Ketsia. Bale batoto, bao balikuwa na nini?"

Kicheko cha ukumbi mzima Florentine alikuwa amekimeza, lakini swali hili lilikataa kushuka. Alikaa juu ya gunia la mwenzake akalia waziwazi, mchana kweupe, wanunuzi wenzake wakitazama. Renilde alipoona ametulia, akatoa simu katika mkoba wa Florentine, akampa.

"Piga Kalemie. Uliza kama mutoto amekula."

Akapiga. Simu ililia muda mrefu, kisha Ketsia akajibu, lakini Florentine hakuelewa hata neno moja, kwa sababu mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa.